Barabara ya Dempster: Pikipiki, ardhi inayoyeyuka na haki ya wenyeji wa Aktiki

Kila mwaka, barafu ya mito inapokatika na pantoni zinapoanza tena kuvusha watu mwezi Juni, waendesha pikipiki kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko hufunga safari kwenda Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada. Wanaifuata barabara moja, nayo ni ya changarawe. Inaitwa Dempster. Huanzia karibu na mji wa Dawson, hupita katikati ya milima, huvuka Mzingo wa Aktiki na kufika mji wa Inuvik baada ya kilomita 736 hivi. Tangu tarehe 15 Novemba 2017 msafiri anaweza kuendelea kwa kilomita nyingine zinazokaribia 140 hadi Tuktoyaktuk, kijiji kilicho ufukweni mwa Bahari ya Aktiki. Kabla ya siku hiyo kijiji hicho hakikuwa na barabara ila ile ya majira ya baridi, iliyopita juu ya barafu.

Kwetu sisi pikipiki ni chombo cha kazi. Hubeba abiria, magunia ya mahindi na mama mjamzito usiku wa manane, na katika vigango vingi ndiyo inayomfikisha padre na kisanduku chake cha vyombo vya Misa pale ambapo gari haliwezi kupita. Kwa wasafiri tunaowazungumzia, pikipiki ni njia ya kutafuta upweke, uhuru na kipimo cha ujasiri. Hatuwabezi, maana kupumzika na kuustaajabia uumbaji ni mambo mema. Lakini barabara hii inastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya video zake zinazosambaa mitandaoni, kwa sababu juu ya changarawe yake yanakutana masuala mazito ya nyakati zetu, na Kanisa limo ndani yake tangu siku ya kwanza.

Tuanze na safari yenyewe. Kutoka njia panda ya Dempster hadi kituo cha kwanza cha mafuta, mahali paitwapo Eagle Plains, ni kilomita 369. Pikipiki nyingi haziwezi kufika huko kwa tangi moja, kwa hiyo mwendeshaji hubeba mafuta ya akiba katika dumu. Sehemu nyingine changarawe ni vipande vya mwamba wenye makali ambavyo hukata tairi. Barabara hunyunyiziwa chumvi ya kalisi kloridi ili kutuliza vumbi. Mvua ikinyesha juu yake, utelezi unaotokea ni ule anaoujua kila kijana wa bodaboda aliyewahi kupita kwenye udongo wa mfinyanzi wakati wa masika. Katika Milima ya Richardson upepo hupiga kwa ubavu kwa nguvu ya kuweza kumsukuma mtu nje ya njia. Malori yanayopeleka chakula na mafuta kaskazini hurusha mawe. Kisha kuna mito miwili isiyo na daraja, Peel na Mackenzie. Wakati wa kiangazi watu huvuka kwa pantoni, na wakati wa baridi magari hupita juu ya barafu yenyewe. Katika majuma ya katikati, barafu inapokuwa haijakomaa au haijamalizika, hakuna anayevuka.

Anayesimulia safari hii mara nyingi husema kwamba alikuwa peke yake. Sisi tunaona tofauti. Alivushwa na nahodha wa pantoni. Alipita juu ya changarawe iliyosawazishwa asubuhi hiyo na dereva wa greda. Mafuta aliyoyanunua Eagle Plains yaliletwa na dereva wa lori ambaye huenda ndiye yule aliyemlaani kwa kumrushia mawe. Upweke wake umetengenezwa na kazi ya watu wengi, na wengi wao hawaonekani katika picha.

Lakini kuna kitu kingine kisichoonekana, nacho ndicho kinachoibeba barabara yenyewe. Chini ya Dempster kuna ardhi iliyoganda miaka na miaka, udongo uliochanganyika na barafu, ambao wakati wa kiangazi huyeyuka kwa kina kidogo tu upande wa juu. Ukiondoa majani na kuvu ya ardhini ili kusawazisha njia kama tunavyofanya huku kwetu, jua hupenya, barafu huyeyuka, na barabara hugeuka dimbwi. Wahandisi walilazimika kufanya kinyume. Waliiacha ardhi kama ilivyo na kumwaga juu yake tuta la changarawe lenye unene wa kati ya mita 1.2 na 2.4 hivi. Tuta hilo hubeba magurudumu, lakini kazi yake kubwa ni ile ya blanketi: huzuia joto lisishuke chini. Dempster, kwa maneno mengine, ni barabara inayosimama maadamu baridi inadumu.

Na baridi haidumu kama zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha kwamba tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima. Katika nyanda za Peel, karibu na kijiji cha Fort McPherson, miteremko iliyoshikiliwa na barafu ya kale inaporomoka na kumwaga matope na miti mabondeni. Barabara hutitia hapa, hupasuka pale, na magreda hurudi kufukia palepale palipofukiwa mwaka jana. Huko Tuktoyaktuk bahari inakula ufuko, kwa kuwa barafu iliyokuwa ikiyazuia mawimbi kwa sehemu kubwa ya mwaka sasa huchelewa kuja na huwahi kuondoka. Nyumba kadhaa zilizokuwa kwenye ncha ya kijiji zimekwisha kuhamishwa.

Hapa ndipo historia ya barabara hii inapokuwa na uchungu. Dempster haikujengwa kwa ajili ya watalii. Ujenzi ulianza mwaka 1959, wakati serikali ya Waziri Mkuu John Diefenbaker ilipotaka njia ya kuyafikia mafuta na gesi ya kaskazini. Fedha zilipopungua, kazi ilisimama. Mwaka 1968 mafuta mengi yalipogunduliwa Prudhoe Bay huko Alaska, Kanada ilishtuka na kuuendeleza mradi, na barabara ikafunguliwa rasmi Agosti 1979. Ilikusudiwa kuleta mafuta, na kuchomwa kwa mafuta kila mahali duniani ndiko kunakoyeyusha ardhi iliyo chini yake. Tangi la pikipiki ni tone katika bahari hiyo, na si haki kumtwisha mwendeshaji mmoja mzigo wa viwanda vya karne mbili. Walakini Papa Francisko, katika Laudate Deum ya tarehe 4 Oktoba 2023, aliona wazi kwamba mazoea yetu ya kila siku na maamuzi makubwa ya mataifa hayatenganishiki. Mtu hawezi kudai mabadiliko kwa serikali huku akiyakataa nyumbani kwake.

Cha ajabu ni kwamba bomba lililotarajiwa katika bonde la Mackenzie halikujengwa kamwe. Kati ya mwaka 1974 na 1977 Jaji Thomas Berger aliongoza uchunguzi wa serikali kuhusu bomba hilo, na alifanya jambo lililokuwa geni wakati huo: alizunguka katika makazi 35 ya kaskazini, akaketi na wawindaji, akina mama na wazee, akawasikiliza katika lugha zao. Mwishowe alishauri ujenzi uahirishwe kwa miaka 10 ili haki za wenyeji juu ya ardhi zishughulikiwe kwanza, na kaskazini mwa Yukon lisipite bomba lolote, kwa ajili ya wanyama wanaopita pale. Mikataba ya ardhi ilifuata: ya Wainuvialuit mwaka 1984, ya Wagwich'in mwaka 1992. Sisi tunaoishi katika nchi zinazopitiwa na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, tungefanya vema kuisoma habari ya Berger kwa utulivu. Hatusemi kwamba jibu lake ndilo jibu letu, maana umaskini wa watu wetu pia ni hoja. Tunasema kwamba aliuliza kabla, wala hakuuliza kwa niaba ya waliokwisha kuamua.

Ile sehemu ya mwisho kwenda Tuktoyaktuk ilikuwa na bahati ya namna yake. Ilijengwa kwa mamia ya mamilioni ya dola za Kanada, na tumaini moja lilikuwa mafuta ya baharini. Desemba 2016, ikiwa imebaki chini ya mwaka mmoja barabara ifunguliwe, serikali ya Kanada ilisitisha utoaji wa leseni mpya za uchimbaji katika bahari hiyo. Wakaja watalii badala ya mafuta.

Jina la barabara nalo lina fundisho lake. Desemba 21, 1910, Inspekta Francis Fitzgerald wa jeshi la polisi wa farasi aliondoka Fort McPherson kuelekea Dawson akiwa na askari wawili, askari mstaafu aitwaye Sam Carter, na mbwa wa kuvuta sleji. Inasimuliwa kwamba alitaka kuvunja rekodi ya mwendo, kwa hiyo alipunguza chakula. Njiani walimwajiri kwa siku chache Mgwich'in mmoja, Esau George, awaoneshe njia. Siku ya mwaka mpya wa 1911 walimlipa na kumwacha aende, wakimtegemea Carter ambaye alikuwa amepita njia hiyo mara moja tu, tena miaka kadhaa nyuma na kwa kutokea upande wa pili. Carter hakuiona njia ya kukata milima. Walizunguka, chakula kikaisha, wakageuza, wakala mbwa mmoja baada ya mwingine, na wote wanne wakafa. Fitzgerald na Carter walikuwa wamebakiza kilomita 40 hivi kufika Fort McPherson. Aliyetumwa kuwatafuta, Koplo William Dempster, alisafiri na kiongozi Mgwich'in, Charlie Stewart, naye aliwakuta mwezi Machi. Barabara ilipewa jina la Koplo. Hata wahandisi waliopanga mkondo wake nusu karne baadaye waliongozwa na mzee Joe Henry wa Watr'ondëk Hwëch'in, mtu aliyeijua nchi ile kwa miguu yake. Wapita njia wengi hawalijui jina lake.

Tumelikawilia tukio hilo kwa makusudi, kwa sababu linafanana mno na jinsi sisi Wakanisa tulivyoingia katika nchi ile. Mwaka 1959 haukuwa mwaka wa barabara peke yake. Inuvik, mji mpya uliojengwa na serikali kuchukua nafasi ya Aklavik iliyokuwa ikifurika, ulikuwa unainuka, na ndani yake Bruda Maurice Larocque, Mmisionari wa Oblate wa Maria Imakulata aliyekuwa fundi seremala, alikuwa akijenga kanisa la Bikira Maria wa Ushindi kwa mikono ya watu waliojitolea. Lilikamilika mwaka 1960. Ni jengo la duara, jeupe, lenye kuba, lililochorwa mistari kama nyumba ya matofali ya theluji. Kinyume na majengo mengi ya mji ule yanayosimama juu ya nguzo, kanisa hili lina msingi wa zege wenye umbo la bakuli, uliolazwa juu ya tandiko la changarawe ili ardhi iliyoganda isiyeyuke. Kanisa na barabara vimekaa juu ya kitu kimoja. Ndani, Njia ya Msalaba ilichorwa na msichana wa Kiinuvialuit, Mona Thrasher. Waendesha pikipiki karibu wote hupiga picha mbele yake, nasi tunafurahi kwamba wanafanya hivyo.

Mwaka huohuo wa 1959 lilifunguliwa pia katika mji huo bweni la Kikatoliki lililoitwa Grollier Hall, pamoja na bweni la Kianglikana, kwa ajili ya watoto waliotolewa katika vijiji vya mbali ili wasome shule ya serikali. Lilidumu hadi miaka ya 1990. Watoto walitenganishwa na wazazi, na wengi walirudi wakiwa hawawezi tena kuzungumza na bibi zao. Mahakama iliwatia hatiani baadhi ya wasimamizi wa bweni hilo kwa kuwadhulumu watoto kingono. Katika Kanada nzima, kwa makadirio ya Tume ya Ukweli na Upatanisho, watoto wapatao 150,000 wa wenyeji asilia walipitia katika shule za bweni za namna hiyo, nyingi zikiwa mikononi mwa mashirika ya Kikatoliki. Tume hiyo ilifika Inuvik mwaka 2011 kusikiliza ushuhuda wa walionusurika. Picha ya kuba jeupe haionyeshi hayo, wala hatudhani msafiri wa siku moja angeweza kuyajua bila kuambiwa. Mwamini Mkatoliki anapaswa kuyajua, kwa sababu ni sehemu ya historia ya familia yake. Ni vigumu kuyasema, hasa kwetu Waafrika, ambao wengi wetu tunawashukuru wamisionari kwa shule walizotujengea. Shukrani hiyo ni ya kweli, lakini haifuti machozi ya mwingine.

Papa Francisko alilijua hilo alipokwenda Kanada kuanzia tarehe 24 hadi 30 Julai 2022, akiwa katika kiti cha magurudumu, katika safari aliyoiita hija ya toba. Huko Maskwacis aliomba msamaha mbele ya walionusurika, na kituo chake cha mwisho kilikuwa Iqaluit, mji wa Aktiki usiounganishwa na barabara yoyote. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikani ilitangaza kuyakataa mawazo yaliyojulikana kama mafundisho ya ugunduzi, yaliyotumiwa na wakoloni kuhalalisha kutwaa ardhi za wengine. Kisha tarehe 15 Novemba 2025 Papa Leo XIV aliwakabidhi maaskofu wa Kanada vitu 62 vya utamaduni wa wenyeji asilia vilivyokuwa katika makumbusho ya Vatikani, ili virudi kwao. Miongoni mwake kulikuwa na mtumbwi mwembamba wa Wainuvialuit uitwao kayaki, wa kuwindia nyangumi. Shehena ilifika Montreal Desemba 2025.

Baadhi ya wenzetu waliuliza kwa nini zirudishwe kama zilikuwa zawadi kwa Baba Mtakatifu. Jibu letu ni kwamba zilikusanywa kwa ajili ya maonyesho ya kimisionari ya mwaka 1925, katika kipindi ambacho wenyeji wengi wa Kanada walikuwa wamekatazwa kwa sheria kufanya baadhi ya ibada na sherehe zao. Zawadi inayotolewa na mtu asiye na nguvu ya kukataa inahitaji kuchunguzwa upya, hata karne moja ikiwa imepita.

Kuomba msamaha kwa ya jana hakutoshi iwapo ya leo yanaendelea. Kundi kubwa la kulungu wa Aktiki liitwalo Porcupine, kwa jina la mto, huvuka barabara ya Dempster katika mizunguko yake ya mwaka, na Wagwich'in wameishi kwa nyama na ngozi yake tangu enzi. Kulungu hao huzalia katika uwanda wa pwani wa Alaska, ndani ya hifadhi ya wanyamapori ambako chini yake inaaminika kuna mafuta. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini agizo la kupanua uchimbaji Alaska, hifadhi hiyo ikiwamo. Wagwich'in wanapinga kwa miaka mingi. Uwanda ule kwao ni mahali patakatifu. Ni haki kuongeza kwamba viongozi wa Wainupiat wa Kaktovik, wanaoishi ndani ya eneo lenyewe, wanaunga mkono uchimbaji kwa sababu wanataka mapato ya shule na zahanati. Wenyeji asilia si sauti moja, na anayewatetea bila kuwasikiliza huishia kuwafanya kitu cha mapambo.

Basi kijana wetu aliyeko Edmonton au Calgary, ambako leo wapo wasemaji wengi wa Kiswahili, akinunua pikipiki na kutamani kaskazini, tutamwambia nini? Aende, na abebe mafuta ya kutosha. Alale Fort McPherson au Tsiigehtchic badala ya kuvipita vijiji hivyo kama vituo vya kukojoa. Anunue kwa wenyeji chakula na kazi zao za mikono. Akimkuta mwindaji akichuna mnyama kando ya njia, asitoe simu kabla ya kusalimu. Inuvik akasali Misa, na baada ya Misa amwulize mzee aliyeketi nyuma habari za bweni, kama mzee huyo yuko tayari kuzungumza. Na kama hayuko tayari, amheshimu.

Mwisho wa barabara, Tuktoyaktuk, atakuta jahazi la zamani la misheni, Our Lady of Lourdes, lililowekwa nchi kavu kama ukumbusho. Lilipeleka mahitaji katika vituo vya Kikatoliki vya pwani ile wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine. Atakuta pia watu wasiofika elfu moja wanaojadiliana katika vikao vyao kama waendelee kuukinga ufuko kwa mawe au waanze kuhamia ndani zaidi. Wakiamua kuhama, mizigo yao itapita kwenye changarawe hiyohiyo, na maamuzi yote mawili yanahitaji fedha ambazo kijiji hakina.